Mbwa wa Amboni

Wenyeji wa Tanga wamekua na kisa cha Wazungu wawili walioingia mapango ya Amboni na mbwa wao. Wakapotelea humo. Mbwa, baada ya siku nyingi, akaonekana yu hai mahali pengine kabisa: wengine husema Mombasa, wengine humfikisha Kilimanjaro. Husimuliwa kwa uhakika kiasi kwamba msikilizaji huona haya kuuliza mnyama yule alikula nini njiani.

Mwaka 1994 wataalamu kutoka Ujerumani na Uturuki walipima mapango hayo. Pango refu kuliko yote lilikuwa na mita zipatazo 900. Mbwa, kama aliwahi kuingia, alitokea jirani.

Hata bila vipimo, mwamba wenyewe ungetosha kumuumbua msimulizi. Mapango ya Amboni yako Kiomoni, kilomita nane hivi kaskazini mwa mji wa Tanga, kando ya barabara iendayo Horohoro. Yamechimbika katika mawe ya chokaa yaliyojengeka chini ya bahari katika kipindi cha Jurasi, miaka kama milioni 150 iliyopita. Mvua inaposhuka huchukua kaboni dayoksaidi angani, na zaidi udongoni, ambako mizizi na vijidudu huitoa kwa wingi. Maji hayo hugeuka asidi dhaifu, ileile iliyomo kwenye soda, kisha hupenya katika nyufa na kuliyeyusha jiwe kidogo kidogo. Ufa hupanuka ukawa mfereji, mfereji ukawa ukumbi. Mto Mkulumuzi, unaopita hapohapo, nao umefanya kazi yake.

Pango la namna hii huishia pale chokaa inapoishia. Kati ya Tanga na Kilimanjaro imesimama milima ya Usambara na Upare, ambayo miamba yake mikongwe ilipikwa kwa joto na mgandamizo ardhini, na maji ya mvua hayaiyeyushi. Kilimanjaro yenyewe ni volkano. Wanaotaja Mombasa angalau wana nusu ya hoja, maana mawe ya chokaa ya umri huohuo huibuka tena ng'ambo ya mpaka, nyuma ya pwani ya Kenya. Ila ukanda huo umekatikakatika, na hakuna handaki linaloruka mahali pasipo na mwamba wake.

Kati ya mapango kumi ya Amboni, wageni hupitishwa katika moja tu, na hilo linatosha kwa asubuhi nzima. Mtembezaji huanza na yale yanayofurahisha watu: jiwe lililokaa kama meli, kochi, mamba, sanamu ya Bikira Maria. Wanafunzi hucheka na kupiga picha. Hakuna ubaya, ingawa atakayekwenda kwa maumbo hayo peke yake atakuwa amelipia kiingilio na kuliacha pango mlangoni.

Afadhali kumwomba mtembezaji asimame kidogo, kisha kuinua tochi hadi kwenye ncha ya stalaktiti, jiwe linaloning'inia darini na kudondosha maji. Ikiwa bado changa, itaonekana kuwa mrija mwembamba ulio wazi katikati, na tone limening'inia mdomoni mwake. Tone hilo linapokutana na hewa ya pango hupoteza kaboni dayoksaidi, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake haiwezi tena kubaki majini. Huganda ukingoni, pete nyembamba isiyoonekana kwa macho. Tone likidondoka, linaacha chokaa nyingine sakafuni, na huko stalagmiti huanza kupanda. Nyongeza ya stalaktiti mara nyingi ni sehemu ya kumi tu ya milimita kwa mwaka. Mtoto anayezaliwa Tanga leo, akijaliwa miaka 70, ataiacha stalaktiti hiyo imerefuka milimita saba.

Kwa hesabu hiyo, ncha moja iliyovunjwa ili mtu arudi nayo nyumbani ni kazi ya karne kadhaa. Hata kushika tu kuna gharama: mafuta ya vidole hubaki kwenye jiwe, maji yakashindwa kushika vizuri mahali hapo. Majina ya wapenzi yaliyokwaruzwa ukutani hayahitaji maelezo.

Kuna kona ambayo wageni hupunguza sauti bila kuambiwa. Ni mahali pa matambiko, panapohusishwa na mzimu uitwao Mabavu, ambako watu huja kuomba uzazi na kuondolewa mikosi. Asiyeamini hana sababu ya kuchezea sadaka za anayeamini. Na si waombaji pekee waliopata hifadhi Amboni. Katika miaka ya 1950, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walijificha humo wakisakwa na polisi wa mkoloni. Serikali iliwaita majambazi. Katika masimulizi ya Tanga hadi leo wapo wanaowahesabu kuwa wapigania uhuru.

Sakafu ya pango nayo ina habari zake, na pengine nzito kuliko zilizo juu. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, watafiti walichimba kwa miaka mingi wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mwaka 2013 wakagusa dalili za kwanza za mifupa midogo, mita kama tatu chini ya sakafu ya sasa. Mifupa ilikuwa imelegea mno hata ikabidi udongo wote ufungwe kwa plasta na kupelekwa maabara. Mwaka 2021 jarida la Nature lilitangaza matokeo: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka kama 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Namna mifupa ilivyotulia ilionyesha kwamba mwili ulifungwa kwa kitu, na kichwa kikawekewa mto. Watafiti walimwita Mtoto. Ni kaburi la kale kuliko yote ya binadamu yanayojulikana Afrika. Ndiyo maana mtaalamu yeyote hukasirika akiona mtu anafukua sakafu ya pango kutafuta hela za Wajerumani.

Bara, mapango huzaliwa kwa njia nyingine. Lava inapotiririka, uso wake hupoa na kuwa jiwe huku ndani ikiendelea kwenda. Mlipuko ukikoma, lava ya ndani hutoka na kuacha handaki tupu. Hivyo ndivyo yalivyo mapango ya mlima Suswa nchini Kenya, kwenye ardhi ya Wamaasai, ambako nyani hulala pangoni, na lile la Leviathan katika vilima vya Chyulu, lenye zaidi ya kilomita 11. Yule mbwa angepata nafasi nzuri zaidi Chyulu.

Suala la popo halifai kupambwa. Popo wa matunda wa mapangoni ni wa ajabu: hujiongoza gizani kwa kugonga ulimi, na usiku huchavusha maua ya mbuyu. Lakini popo huyohuyo, ambaye wanasayansi humwita *Rousettus aegyptiacus*, hubeba virusi vya Marburg. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alifariki baada ya kuzuru pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Siku hizi wageni huko huwatazama popo kutoka kibandani, nyuma ya kioo. Kagera, Tanzania, ilipata mlipuko wa ugonjwa huo mwaka 2023 na tena 2025. Hii si sababu ya kuyakimbia mapango yote. Ni sababu ya kutoingia penye makundi makubwa ya popo bila idhini ya wanaosimamia pango, kutogusa kinyesi chao, kutokula ndani, na kunawa kwa sabuni baada ya kutoka. Vumbi la kinyesi hicho lina pia kuvu wanaodhuru mapafu, hivyo barakoa haiwi mzigo.

Kwa vifaa, viatu vyenye kashata na tochi ya kichwani vinatosha Amboni, pamoja na tochi ya akiba, kwa kuwa simu huishiwa chaji pale inapohitajika. Katika mapango yasiyo na watembezaji, watu wasiende pungufu ya watatu, na waache nyumbani taarifa ya saa watakayorudi. Masika, Machi hadi Mei, ni wakati mbaya: maji hupanda katika vijia vya chini na ngazi huteleza. Januari, Februari na Julai ni salama zaidi.

Mwenye siku nzima anaweza kuunganisha na chemchemi za Galanos, zisizo mbali na hapo, zilizopewa jina la Mgiriki aliyekuwa na shamba la mkonge. Maji yake ni ya moto na yananuka salfa, na wenyeji huyaoga kwa magonjwa ya ngozi. Taulo ichukuliwe ile isiyopendwa, harufu haitoki kwa kufua mara moja.