Amana Iliyovuka Bahari

Mtu akienda safari ndefu aweza kumwachia jirani ng'ombe wake. Jirani hushika kamba, watoto wa msafiri hunywa maziwa. Waingereza tangu zamani waliifanya desturi ya namna hii kuwa sheria: mmoja hutoa mali, wa pili, yaani mdhamini, huishika kwa jina lake, wa tatu hupata faida.

Siku hizi matajiri humtafuta jirani huyo mbali sana. Katika Bahari ya Pasifiki viko Visiwa vya Cook, visiwa 15 tu. Mwaka 1984 vilitunga sheria ya amana za wageni, na mwaka 1989 vikaitia nguvu zaidi. Hukumu ya korti ya kigeni si kitu huko. Mdai hana budi kufungua kesi upya visiwani, tena kwa haraka, na kuonyesha hila pasipo shaka yoyote, kama katika kesi ya jinai. Wengi hukata tamaa. Ndivyo ilivyokusudiwa!

Kuweka amana hiyo si kosa. Lakini kodi je? Huko Marekani, tangu sheria ya mwaka 1976, mtu akiweka mali ng'ambo kwa faida ya Wamarekani wenzake huhesabiwa kuwa yungali mwenyewe, naye hutozwa kodi kila mwaka. Asipoiarifu serikali fedha alizopeleka, faini yaweza kufika 35 kwa mia ya fedha hizo.

Basi, mume na mke mmoja wa Marekani waliweka amana visiwani mwaka 1995. Mwaka 1998 serikali yao ikawashtaki kwa biashara iliyowaahidi watu faida ya nusu ya fedha zao kwa siku 60 hadi 90. (Muuza samaki gani apata faida hiyo?) Korti ikawaamuru warudishe fedha. Wakaandika barua, mdhamini wa visiwani akakataa, akisema wamelazimishwa, akawaondoa katika udhamini. Wakamwambia hakimu: Tumejaribu, hatuwezi.

Hakimu hakusadiki. Mapatano yale waliyafanya wenyewe, na humo walikuwa wamejiwekea cheo cha ulinzi wa amana. Kamba hawakuiachia. Wakakaa kifungoni yapata miezi sita, na mwaka 1999 korti ya rufani ikasema hakimu hakukosea.