Kupika simu, kupika habari

Karuba, wilayani Masisi, mtu anaweza kupika bila moto wala sufuria. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, wengi hutamka kupiga kama kupika: wanapika simu, wanapika picha, na vita vikifika, wanasema masasi yanapikwa. Dar es Salaam nako hupikwa majungu, yaani fitina, na hesabu za uongo.

Habari nayo hupikwa. Masisi, ambako vita kati ya M23 na jeshi la serikali vimehamisha watu mara nyingi, habari ya kupikwa inaweza kuwakimbiza watu usiku, au kuwarudisha nyumbani kungali na hatari. Basi kabla ya kupika simu ili kuieneza, uliza kwanza: nani ameona kwa macho yake?