Pembeni panaunguza, katikati baridi: maikrowevu ilivyonifukuzia mteja

Leo nawaletea somo ambalo mimi nimelilipia.

Nina duka huku Amani, Muheza, juu milimani. Asubuhi baridi ni kali, kila anayeingia anataka kitu cha moto. Nikanunua maikrowevu ya mtumba nipashe wali maharage. Siku moja mama mmoja mchuma chai akala vijiko vitatu, akaniita: "Mwanangu, mbona huku pembeni panaunguza na katikati baridi kama maji ya mtoni?" Nikamuomba radhi, nikamrudishia hela yake. Wiki mbili sikumuona.

Kumbe mashine haikuwa mbovu, ila mimi sikujua kuitumia. Mawimbi yake yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula, ndipo moto unapotokea. Lakini yanaingia sentimita chache tu, na hayasambai sawasawa. Ndiyo maana ile sahani ya kioo inazunguka. Ikigoma, itengeneze kwanza.

Sasa nafanya hivi:

1. Natandaza chakula, sirundiki. Katikati naacha shimo.
2. Nafunika, naacha upenyo wa mvuke. Dakika mbili natoa, nakoroga, narudisha tena.
3. Kikitoka nasubiri dakika moja, joto linaendelea kusambaa. Mwenye kipimajoto, katikati pafike nyuzi 74.

Vyombo navyo vina mambo. Sufuria, foili na vikombe vyenye utepe wa dhahabu vinatoa cheche, usiweke kabisa. Sahani za melamini na makopo ya plastiki ya majarini, hapana. Tumia kioo kinachostahimili moto au udongo. Kama una wasiwasi na bakuli (lisiwe la chuma), liweke tupu pamoja na glasi ya maji, washa dakika moja. Bakuli likiwa la moto na maji bado baridi, halifai.

Wauza mayai ya kuchemsha, msiyapashe humo. Yai linaweza kukaa kimya likaja kupasuka mdomoni mwa mteja.

Na wali uliolala nje ya friji usiku kucha, mwaga. Vijidudu vyake vinaacha sumu ambayo moto hauiondoi. Hasara ya sahani mbili ni ndogo kuliko mteja kuharisha na mtaa mzima kujua kala wapi.

Umeme je? Maikrowevu inayovuta wati 1,200 kwa dakika 5 inakula sehemu ya kumi ya uniti moja. Usiogope kuongeza dakika, ogopa kutoa chakula nusu baridi.

Yule mama karudi. Ila mpaka leo kabla hajala anachimba katikati kwanza na kijiko, halafu ananitazama. Namwachia achimbe, ni haki yake.

Mtumie na mwenzako mwenye genge la chakula.