Sinema Zilizotafsiriwa: Je, Ni Mali ya Wizi?

Baada ya ibada ya wanawake hapa Usevya, mwenzetu mmoja alituuliza sisi wauguzi swali lililotunyamazisha: "Dada nesi, hizi sinema za Kihindi zilizotafsiriwa, ninazowawekea watoto kwenye flashi, ni mali ya wizi?"

Wengi wetu tunazipenda. Kihindi hatukijui, na Kiingereza cha haraka kinatupita. Ndipo anapokuja mfasiri, sauti yake juu ya sauti za waigizaji, anaeleza, anatania, na Mumbai inageuka kuwa Kariakoo. Lufufu wa Dar es Salaam alijipatia jina kubwa kwa kazi hiyo. Ni kipaji, tusikikane.

Hata hivyo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwenye kazi haki ya kuitafsiri au kuruhusu itafsiriwe. Asipoombwa, hapati hata senti. Tena kwenye kompyuta ileile ya kijana anayetujazia flashi zimo filamu za watoto wetu wa Kitanzania, zimenakiliwa vilevile. Hao soko lao kubwa ni sisi.

"Mwenye sinema angeileta hapa kwa Kiswahili, ningemlipa," mama yule alijitetea. Hapo tulikosa jibu. (Nasi flashi tunazo nyumbani.)

Tulikubaliana jambo moja: filamu za Kitanzania hatutazinakili tena, tutazisubiri kwenye televisheni. Za Kihindi bado tunabishana.