Sikiliza albamu yako wimbo kwa wimbo, lakini lipumzishe sikio

Kijana akishaipenda albamu, haishii kwenye wimbo mmoja. Ataanza na wa kwanza, ataingia wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho, kisha atarudia tena tangu mwanzo. Zamani albamu kama hiyo ilipigwa kwenye redio ya sebuleni, na baba akichoka alisema, "Punguza hiyo." Leo inapigwa ndani ya masikio ya kijana mwenyewe kupitia spika ndogo za masikioni, na hakuna wa kumwambia apunguze.

Mjini Bariadi utamwona dereva wa bodaboda anayesubiri abiria, mwanafunzi anayerudi nyumbani na dada anayeuza duka, kila mmoja na waya wake masikioni. Mzazi naye anafurahi kwa sababu nyumba imetulia. Lakini sauti isiyomsumbua mtu mwingine ndani ya nyumba inaweza kuwa ndiyo inayomuumiza mtoto, tena bila maumivu yoyote ya kumshtua.

Wiki hii tuangalie kinachotokea sikioni mtu anaposikiliza albamu nzima kwa sauti ya juu, na namna ya kuendelea kuifurahia bila kupoteza usikivu.

Kutoka panki hadi singeli

Miaka ya 1970, vijana wa Marekani na Uingereza walianzisha muziki wa panki. Kwetu wengi wanalijua jina hilo kwa mtindo wa kunyoa nywele, lakini panki ni muziki wa rock wenye nyimbo fupi, za kasi, zenye magitaa yanayopigwa kwa kelele. Albamu ya kwanza ya kundi la Ramones, iliyotoka mwaka 1976, ina nyimbo 14, na zote kwa pamoja zinachukua takriban dakika 29 tu.

Hapa Tanzania muziki unaokaribiana na huo kwa kasi na fujo ni singeli. Ulizaliwa uswahilini Dar es Salaam, na mapigo yake mara nyingi huzidi 200 kwa dakika. Mwaka 2017, kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa katika albamu ya Sounds of Sisso, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na masikio ya Ulaya yakaanza kuufuatilia muziki huo.

Wakazi wa Simiyu nao si wageni wa ngoma nzito. Wasukuma wana mashindano ya miaka mingi kati ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika baada ya mavuno, kila upande ukivuta watu kwa ngoma na mbwembwe zake. Tofauti ni kwamba ngoma ya uwanjani ipo mbali na sikio na ina msimu wake, wakati spika ya simu imekaa ndani ya tundu la sikio kila siku.

Kasi ya wimbo peke yake haiharibu sikio. Kinachoharibu ni vitu viwili vinavyokwenda pamoja: ukubwa wa sauti na muda wa kuisikiliza.

Hesabu ya sauti na muda

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida yako kwenye desibeli 60 hivi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Kwa mtoto, kiwango cha saa hizo hizo ni desibeli 75.

Kila sauti inapopanda kwa desibeli tatu tu, muda salama unapungua kwa nusu. Saa 40 za desibeli 80 zinakuwa 20 kwenye desibeli 83, na 10 kwenye desibeli 86. Ukifika desibeli 90, umebakiwa na saa nne kwa wiki nzima. Kwenye desibeli 100, ambazo simu nyingi huweza kuzifikia zikifunguliwa hadi mwisho, unabaki na dakika 20 hivi.

Sasa irudie ile albamu ya Ramones. Ukiisikiliza mara moja kwa desibeli 100, nyimbo 14 hazijaisha na posho ya sikio ya wiki nzima imekwisha. Anayeirudia kila siku anakopa kwenye akiba ambayo hairudishiki.

Kwa nini hairudishiki

Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo kilichojiviringisha kama gamba la konokono. Humo mna chembe ndogo zenye vinyweleo, takriban 15,000 katika kila sikio. Sauti inapoingia, vinyweleo hivyo huyumba kama nyasi kwenye upepo, na chembe zake hupeleka taarifa kwenye ubongo.

Upepo wa kawaida ukipita, nyasi husimama tena. Upepo mkali ukivuma kwa muda mrefu, nyasi hulala, nyingine huvunjika. Chembe za sikio la binadamu zikifa haziоti nyingine, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Zinazoanza kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika, "Nasikia watu wakiongea, ila sielewi wanachosema." Herufi kama s, f, t na sh zinapotea kwanza. Mwalimu anasema "fika", mwanafunzi anasikia "shika". Katika darasa lenye watoto wengi na kelele, mtoto huyo anaachwa nyuma bila mtu kujua sababu.

WHO inakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kutokana na namna wanavyosikiliza muziki. Wanamuziki wenyewe hawakusalimika. Kathy Peck, mpiga gitaa la besi wa bendi ya panki ya The Contractions ya San Francisco, alipata tatizo la kusikia baada ya onyesho kubwa katika miaka ya 1980. Mwaka 1988 alishiriki kuanzisha shirika la H.E.A.R., linalowafundisha wanamuziki na mashabiki kulinda masikio yao. Ujumbe wao ni kuupenda muziki na kulilinda sikio kwa wakati mmoja.

Namna ya kusikiliza wimbo kwa wimbo

Kabla ya wimbo wa kwanza: Panga sauti ukiwa mahali tulivu, isizidi asilimia 60 ya uwezo wa simu. Ukiipanga ukiwa kwenye basi la Bariadi kwenda Mwanza, au juu ya pikipiki, utaipandisha ili ishinde injini na upepo, na sikio litabeba kelele zote mbili. Kwa dereva wa bodaboda kuna hatari nyingine: hataisikia honi ya gari linalokuja nyuma.

Wimbo wa tatu au wa nne: Hapa ndipo mkono hutamani kuongeza sauti. Sikio limeanza kuzoea na kuchoka, hivyo wimbo unaonekana umepungua nguvu. Usiongeze. Simu ikileta onyo kwamba sauti imezidi, usiliondoe na kuendelea.

Katikati ya albamu: Simamisha muziki kwa dakika chache na uvue spika. Mtu aliye umbali wa mkono mmoja akiongea kwa sauti ya kawaida wakati muziki unapiga, unapaswa kumsikia. Kama lazima apaze sauti, yako iko juu mno.

Baada ya wimbo wa mwisho: Kaa kimya kidogo na usikilize. Ukisikia mlio kama wa nyenje, au masikio yameziba kama yameingia maji, sikio limeumia. Mara nyingi hali hiyo huondoka baada ya saa kadhaa au siku moja hadi mbili, lakini ikijirudia mara kwa mara inaweza kubaki ya kudumu. Lipe sikio mapumziko mpaka litulie kabisa.

Kwenye harusi, mnada au mashindano ya ngoma, kaa mbali na spika. Mahali pa wazi, kila unapouongeza umbali mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli sita. Kutoka mita mbili kwenda mita nne ni hatua chache tu, lakini sikio linapata nafuu kubwa. Mama aliyebeba mtoto mchanga asikae karibu na spika hata kama mtoto amelala. Usingizi haulizibi sikio lake.

Mzazi, usikimbilie kumwita mkaidi

Mtoto akiitwa mara tatu bila kuitika, wengi tunasema ana kiburi. Huenda ni kweli, na huenda hasikii. Kabla ya kumwadhibu, jiulize: Je, anaongeza sauti ya televisheni kuliko wenzake? Anasema "eeh?" mara kwa mara? Anamwangalia mtu mdomoni anapoongea? Alama zake darasani zimeshuka? Analalamika kuhusu mlio masikioni? Jibu likiwa ndiyo kwa hata moja, mpeleke akapimwe.

Kwa mtoto mdogo, angalia kama anashtuka kwa sauti ya ghafla na kama akifikisha miezi sita anageukia sauti inakotoka. Akifikisha mwaka bila kujaribu neno lolote, usisubiri kwa kusema "hata baba yake alichelewa".

Usimwekee mtoto mafuta ya taa, maji ya vitunguu wala dawa uliyoshauriwa na jirani. Usimchokonoe kwa njiti ya kiberiti au unyoya. Ngoma ya sikio ni nyembamba na hutoboka kirahisi.

Wakati wa kwenda hospitali

Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiona usaha unatoka sikioni, maumivu, kizunguzungu, au mlio usiokwisha kwa zaidi ya siku mbili. Wakazi wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wanaanzia zahanati, kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Anayehitaji daktari bingwa wa masikio, pua na koo hupewa rufaa, na Hospitali ya Bugando jijini Mwanza ina huduma hiyo.

Kuna hali moja ya dharura. Mtu akipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku tatu, hasa katika sikio moja, aende siku hiyo hiyo. Wengi hudhani ni nta au mafua na kungoja wiki mbili, wakati dawa hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema.

Kwa usikivu uliopungua taratibu kwa sababu ya kelele, vifaa vya kusaidia kusikia vinaweza kumrudisha mgonjwa kwenye mazungumzo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto wenye uziwi mkubwa, huduma ambayo awali iliwalazimu wazazi kuwapeleka nje ya nchi. Ni hatua kubwa, lakini hakuna kifaa kinacholingana na sikio ulilozaliwa nalo.

Jioni hii chukua simu ya mwanao, vaa spika zake na usikilize wimbo mmoja kwa sauti ile ile aliyoiacha. Ukijikuta unazivua haraka, mmepata pa kuanzia mazungumzo. Usimnyang'anye muziki wake. Mpunguzieni sauti pamoja, ili albamu anayoipenda akiwa na miaka 16 aweze kuisikiliza vizuri, wimbo kwa wimbo, akiwa na miaka 60.