Maktaba Inayofika Meatu Bila Bando

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024, shule za Tanzania zilihitaji vitabu vipya, na vitabu husafiri polepole. Lori likishafika Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu, safari ya ndani ya mkoa ndiyo kwanza inaanza. Kuna Lagangabilili kule Itilima, kuna Nyashimo kule Busega, kuna Mwanhuzi kule Meatu, na mbele ya hapo kuna shule ambazo mvua zikichanganya barabara zake hazipitiki.

Kitabu cha kielektroniki hakisubiri barabara ikauke. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), ambayo ndiyo huandaa mitaala na vitabu vya kiada, ina Maktaba Mtandao yake. Mtumiaji hutafuta kwa darasa na somo, na kitabu kinachofunguka ni kile kile kilichopigwa chapa. Anayetaka mitihani iliyopita ya Baraza la Mitihani (NECTA) huipata katika tovuti ya Maktaba ya TETEA. Wanaoanza kusoma wana hadithi za African Storybook, mradi ulioanza mwaka 2014, na hizi zina leseni huria: shule inaruhusiwa kuzinakili, kuzichapa na hata kuzitafsiri bila kumlipa mtu.

Ruhusa hiyo ya kutafsiri ina uzito wa pekee Simiyu. Watoto wengi huingia darasa la awali wakiwa wamelelewa kwa Kisukuma, na Kiswahili wanakikuta shuleni. Mwalimu anaweza kuchukua hadithi yenye picha kubwa na sentensi moja tu kila ukurasa, akaandika Kisukuma chini ya Kiswahili, na mtoto akaanza kusoma kutoka katika lugha anayoijua.

Vifaa navyo vimeanza kufika. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi walivyotumia makarani viligawiwa kwa walimu. Kwa hiyo shule isiyo na hata kabati la vitabu inaweza kuwa na kifaa chenye nafasi ya mamia ya vitabu.

Tatizo ni bando. Kitabu kimoja chenye michoro ya rangi kinaweza kula makumi ya megabaiti. Mtandao ukiyumba, kinakwama katikati na salio limeshaondoka. Mwalimu anayekipakua mara nyingi hutumia fedha ya mfukoni mwake. Mwanafunzi naye kwa kawaida haruhusiwi kuja na simu shuleni, na nyumbani simu ikiwepo ni ya baba au ya mama. Maktaba inayodai kila msomaji awe na simu yake na bando lake haijamfikiria mtoto wa mkulima wa pamba.

Njia inayofaa zaidi ni kuishusha maktaba mara moja na kuibeba. Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality la Marekani, imeundwa kwa ajili ya shule za namna hiyo. Masomo na vitabu hupakiwa kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi inayoenea kiganjani, mahali penye intaneti nzuri kama mjini Bariadi. Kompyuta hiyo ikifikishwa kijijini na kuwashwa, inaweza kutoa Wi-Fi yake yenyewe. Vishikwambi vya darasani vinaunganishwa, kila mwanafunzi anafungua ukurasa wake, na hakuna senti ya bando inayotumika. Kiwix hufanya hivyo hivyo kwa Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili.

Kwamba watoto wa vijijini wanaweza kujifunza bila intaneti, Tanzania imeshalishuhudia. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto wa vijiji vya mkoa wa Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili, na vituo vya umeme wa jua vikajengwa kwa ajili ya kuchaji. Wengi wao hawakuwahi kukanyaga shule. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya Kitkit School na onebillion, na programu za timu zote tano zilizofika fainali ziliachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Aina ya faili nayo ni jambo la kuangaliwa. PDF huganda: kwenye kioo kidogo msomaji anavuta herufi kwa vidole, mstari unatoka nje ya kioo, anausukuma kushoto, anaurudisha kulia. EPUB hujipanga upya kulingana na kioo, na herufi zikikuzwa maneno hushuka mstari unaofuata. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye mara nyingi uoni wake ni hafifu, tofauti hiyo inaweza kuamua kama atasoma mwenyewe au atasubiri kusomewa. Shule inayopewa nafasi ya kuchagua iombe EPUB.

Kuishusha maktaba na kuitunza kunahitaji mtu na muda. Simiyu imo katika mikoa tisa ya programu ya elimu ya Shule Bora, na walimu tayari wana utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, unaowakutanisha shuleni kwao. Kikao kimoja kinatosha kugawana vitabu kwa kadi za kumbukumbu na kumteua mwalimu wa kuvitunza. Mwalimu huyo apunguziwe vipindi viwili vitatu kwa wiki, kwa sababu kuchaji vifaa, kupanga vitabu kwa madarasa na kuwaonyesha wenzake namna ya kuvifungua huchukua saa nyingi, na sasa hivi saa hizo zinatoka katika muda wake wa kupumzika.