Taa ya Onyo Ikiwaka Kwenye Dashibodi: Dereva Afanye Nini?

Magari mengi yanayobeba mboga, maziwa na abiria katika barabara za mashinani yametumika kwa miaka mingi. Kwa mwenye gari la aina hiyo, taa ndogo ikiwaka kwenye dashibodi huenda ni waya uliolegea, au ni injini inayokaribia kufa. Madereva wanashauriwa kujua tofauti kabla ya kutoa pesa.

Rangi ndiyo ishara ya kwanza. Taa nyekundu humtaka dereva asimamishe gari mahali salama. Taa ya manjano huonyesha hitilafu inayohitaji kuchunguzwa mapema, ingawa kwa kawaida gari laweza kuendeshwa polepole hadi kwa fundi.

Taa ya oili

Taa hii nyekundu, yenye picha ya kopo la oili, huonya kuhusu presha. Presha ikishuka, vyuma vya injini husuguana vikiwa vikavu. Dereva anapaswa kuzima injini papo hapo, wala si akifika kituo cha petroli kilicho mbele.

Baada ya kusubiri kama dakika kumi, gari likiwa mahali tambarare, avute kijiti cha kupimia oili, akipanguse, akirudishe na kukivuta tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, aongeze aina inayofaa injini hiyo, kisha atafute inakovujia.

Oili ikiwa ya kutosha na taa bado inawaka, gari livutwe hadi gereji. Huko fundi atoe sensa na kufunga geji ya presha mahali pake. Geji ikionyesha presha nzuri, sensa au waya wake ndio mbovu, na gharama ni ndogo. Presha ikiwa chini, huenda pampu ya oili au beringi zimekwisha. Fundi anayebadilisha sensa bila kupima anabahatisha, na akikosea mwenye gari hununua injini nyingine.

Taa ya betri

Wengi hukimbilia kununua betri mpya, ilhali mara nyingi shida ni altaneta au mkanda wake. Injini ikiwa imezimwa, betri nzuri iliyochajiwa huwa na takriban volti 12.6. Injini ikiwashwa, mita ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5. Isipopanda, altaneta haichaji. Mkanda ukaguliwe kwanza, kwa kuwa katika magari mengi ya zamani mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji. Ukikatika, injini huchemka baada ya muda mfupi.

Taa ya breki

Dereva ahakikishe kwamba breki ya mkono imeshushwa. Taa ikibaki, akague kiwango cha mafuta ya breki. Yakipungua, huenda pedi zimeisha au kuna mahali panapovuja. Kuongeza mafuta bila kutafuta chanzo ni kuficha hatari. Kanyagio likizama, gari lisiendeshwe hata kidogo.

Taa ya injini

Mashine ya kusoma kodi huonyesha sehemu ya kuchunguzwa, lakini haisemi kipuri cha kununua. Kwa mfano, kodi P0171 humaanisha kwamba injini inapata hewa nyingi kuliko petroli. Sababu yaweza kuwa bomba la hewa lililopasuka, chujio la petroli lililoziba au sensa chafu. Mwenye gari amwulize fundi amepima nini kabla ya kukubali kununua kipuri. Taa hii ikimetameta, dereva apunguze mwendo na kusimama, kwani petroli isiyoungua huharibu kifaa cha kusafisha moshi.

Taa isiyowaka

Ufunguo ukizungushwa kabla ya injini kuwaka, taa za onyo zinapaswa kuwaka kwanza, kisha zizime injini ikishanguruma. Ile isiyowaka kabisa huenda balbu yake imeungua, au imetolewa ili kuficha ubovu. Anayenunua gari kuukuu afanye jaribio hili mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Mwenye gari naye alifanye kila asubuhi kabla ya kubeba abiria wa kwanza.